Maswali na Majibu: Tutajuaje kama mpango wa kuzuia mdondoko (wanafunzi kuacha masomo) umefanya kazi?

Swali: Shule yetu ya sekondari ya kutwa ilianza kutoa chakula cha mchana Januari 2016, na mwaka huo walioacha masomo walipungua. Je, ni chakula kilichowabakiza? (Mjumbe wa bodi ya shule, Dodoma)

Hamwezi kulisema hilo bado, kwa kuwa Januari hiyohiyo Serikali iliondoa ada katika sekondari za umma hadi kidato cha nne, ambayo kwa shule za kutwa ilikuwa Sh20,000 kwa mwaka, na nafuu hiyo iliwafikia hata wazazi ambao shule za watoto wao hazikupika chochote. Jilinganisheni na shule za kata jirani zisizotoa chakula ambazo awali mdondoko wao ulikaribiana na wenu.

Swali: Nitumie takwimu ipi? (Mkuu wa shule)

Usitumie idadi ya wanafunzi wote, maana wingi wa wanaoingia kidato cha kwanza huficha waliotoweka kidato cha tatu. Lifuate kundi moja kwa majina hadi kidato cha nne, ukitenganisha waliohama, waliokariri kidato cha pili, waliofariki na walioacha. Uhamisho ndio unaovuruga hesabu zaidi. Kwa maoni yangu, asiyethibitishwa na shule aliyohamia asihesabiwe kuwa amehama. Wasichana waliorejea baada ya kujifungua, jambo lililoruhusiwa tangu Novemba 2021, nao waonekane katika hesabu.

Swali: Mfadhili anataka kuwapa wasichana fedha kwa sharti la mahudhurio. Sharti lina faida? (Ofisa wa mradi)

Inategemea mnataka kuzuia nini. Huko Zomba, Malawi, utafiti ulioanza 2008 uligawa maeneo kwa bahati nasibu: wasichana wa maeneo fulani walipewa fedha kwa sharti la kuhudhuria asilimia 80 ya siku za masomo, wengine wakapewa bila sharti, na wa kundi la tatu hawakupewa. Sharti liliwabakiza wengi zaidi shuleni, lakini ndoa na mimba zilipungua zaidi kwa waliopewa bila sharti, kwa sababu hata walioacha shule waliendelea kupata fedha. La kuzingatia zaidi ni kwamba wasichana wenyewe walipoulizwa kama bado wanasoma, fedha zisizo na sharti zilionekana kufanya kazi vizuri; walipoulizwa walimu, ubora huo ulififia. Mradi unaotegemea maelezo ya wanufaika pekee, na iko mingi, unaweza kujipongeza bure. Andikeni lengo kabla ya kugawa fedha, kisha mthibitishe mahudhurio kwa madaftari na kwa ziara za kushtukiza.

Swali: Ripoti yetu inaonyesha idadi ya sare tulizogawa. Haitoshi? (Mratibu wa shirika)

Haitoshi. Hiyo ni hesabu ya matumizi. Mfadhili ana haki ya kuuliza ni wangapi kati ya waliopewa wangali darasani, na wangapi kati ya wenzao wasiopewa.