Maswali ya Miamba: Sindano za Njano, Majina ya Kizungu na Maji ya Betri

Safari hii nimekusanya barua zinazohusu mawe yenye "nywele" au "sindano". Zilizokuja na picha tupu, bila uzito wala rangi ya unga ambao jiwe huuacha likisuguliwa, nimeziweka kando, isipokuwa moja.

Mileraiti maana yake nini? Jirani anasema ni jiwe linalotumika kwenye mashine za kusaga. (Kibaigwa)

Jirani amesikia Kiingereza, "miller", yaani msagaji, akakimbilia kinu. Hilo ni jina la mtu, William Hallowes Miller (1801–1880), mtu wa Wales aliyefundisha elimu ya madini Cambridge. Namba zake za kutaja nyuso za fuwele zinatumika hadi leo. Aliyelipa jiwe jina hilo ni Wilhelm Haidinger, mwaka 1845. Kabla yake wachimbaji wa Kijerumani waliliita Haarkies, yaani pairaiti ya nywele (pairaiti ni jiwe la chuma na salfa linalong'aa kama dhahabu), na kwa maoni yangu wao ndio walioliangalia jiwe lenyewe. Ni salfaidi ya nikeli, yaani nikeli iliyoungana na salfa, nikeli ikiwa karibu asilimia 65 ya uzito, na hukaa kama nyuzi nyembamba za njano ya shaba nyeupe (brass) ndani ya matundu ya chokaa.

Hata jina linaloeleza umbo lisikutie imani. Akanthaiti, salfaidi ya fedha, imepewa jina la Kigiriki lenye maana ya mwiba. Mara nyingi utaikuta na umbo la mchemraba, kwa sababu fuwele zilikua kwenye joto la zaidi ya nyuzi 173, na zilipopoa mpangilio wa ndani ukabadilika huku umbo la nje likibaki. Jina halipimi jiwe.

Nimekutumia picha ya sindano za dhahabu ndani ya jiwe. Ni shilingi ngapi? (Manyoni)

Picha haina bei. Kama sindano zimo ndani ya kwatzi angavu, zimefunikwa pande zote na zina wekundu kidogo, fikiria rutaili kwanza. Hiyo ni oksaidi ya titani, si salfaidi.

Nitajuaje kama ni pairaiti, mileraiti au dhahabu? Sina maabara. (Kondoa)

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya bei. Chukua kigae cha bafuni, ukigeuze, usugue kipande kwenye mgongo usiong'aa. Dhahabu itaacha unga wa njano. Pairaiti, kalkopairaiti (salfaidi ya shaba na chuma) na mileraiti zote zitaacha unga mweusi wenye ukijani, kwa hiyo kigae kinatenga dhahabu tu.

Zilizobaki zitenge kwa ugumu. Pairaiti inakwaruza kioo cha dirisha na kisu hakiiwezi. Mileraiti na kalkopairaiti zinakwaruzwa na kisu bila shida. Gonga punje taratibu juu ya chuma: dhahabu inatandazika, salfaidi zinavunjika.

Kipande kikiwa kizima na kikubwa kiasi, pima uzito wake kavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya kidijitali, rudisha sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa kikombe. Gawanya uzito mkavu kwa namba inayosomeka. Gramu 106 kwa 20 ni 5.3, hapo uko kwenye eneo la mileraiti. Pairaiti hukaribia 5.0, kwatzi 2.65. Kipimo hiki kinaharibika kwa mambo mawili: mapovu yaliyoganda kwenye jiwe, na mwamba mwingine uliobaki umeshikamana nalo. Kwa nywele tupu hakifai kabisa. Ukibaki na shaka, maabara ya GST, taasisi ya serikali ya jiolojia na utafiti wa madini, iko Dodoma mjini.

Krisopresi yetu, kile kito cha kijani, ina rangi hiyo kwa sababu ya nikeli, na jiwe jeusi-kijani la hapa lina nyuzi nyeupe na za kijivu. Basi mileraiti ipo chini? (Haneti)

Haifuatani hivyo. Ukijani huo unatoka kwenye nikeli iliyofunguliwa na kuoza kwa mwamba karibu na uso wa ardhi, na salfaidi haivumilii hewa na maji ya mvua. Kinachonitia wasiwasi ni nyuzi nyeupe au za kijivu unazozitaja kwenye jiwe hilo jeusi-kijani. Kwenye miamba ya aina hiyo, nyuzi laini zinazochambuka kama pamba zinaweza kuwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Usizichambue kwa vidole wala kuzipuliza. Lowesha, funga kwenye mfuko, peleka zipimwe.

Nisafishe sindano kwa maji ya betri? (Mpwapwa)

Usithubutu. Asidi ikikutana na salfaidi nyingi hutoa gesi ya sumu yenye harufu ya yai viza, na ikizidi pua huacha kuisikia kabla hujatoka chumbani. Sindano hizo hata brashi hazihitaji: puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mpira, kata mwamba kwa msumeno badala ya nyundo, kisha gundisha kitako cha jiwe kwenye boksi, kitu chochote kisiguse nywele. Mkusanyaji hulipia nywele ambazo hazijavunjika. Zikianguka, umebaki na unga.

Tunachoma mawe ya dhahabu yenye vijiti vyeupe ili dhahabu itoke. Moshi unanuka kitunguu saumu. Ni kawaida? (Iramba)

Zimeni moto huo leo! Vijiti vya rangi ya fedha vyenye harufu hiyo ni asenopairaiti, na karibu asilimia 46 ya uzito wake ni aseniki, ambayo ni sumu. Ukiichoma, aseniki inapanda na moshi, halafu inashuka kama unga mweupe juu ya paa, sufuria na maji ya kunywa. Naelewa kwa nini mnachoma: dhahabu imefungwa ndani ya salfaidi na zebaki haiishiki. Lakini kuchoma jikoni hakuifungui vizuri, na bado mnaongeza mvuke wa zebaki baadaye. Tengeni mawe hayo, peleka sampuli ipimwe, kisha zungumzeni na mchenjuaji mwenye leseni na mtambo wa kunasa moshi. Watoto wasichezee majivu, na kuku wasiyachakure.

Kioo cha mlango wa duka kimepasuka chenyewe saa nane mchana, hakuna aliyekigusa. Ni uchawi? (Area C)

Ni nikeli. Chembe ya salfaidi ya nikeli, ndugu wa mileraiti, iliingia kwenye kioo kiwandani. Kioo kigumu hupozwa ghafla, kwa hiyo chembe inabaki na umbo la joto kali. Miaka ikipita inajirudi taratibu na kutanuka, hadi kioo chote kinamwagika vipande vidogo. Mafundi wa majengo ya Mtumba, mji wa Serikali, na kwingineko waulizeni muuzaji kama vioo vilipitishwa kwenye tanuri la majaribio, la nyuzi 260 hadi 290, ambalo huvunja vibovu kabla havijafungwa. Akijibu kwamba kioo chake hakipasuki kamwe, tafuteni mwingine.