Mji Mkongwe ulale wapi? Inategemea na magoti

Gazeti hili limewauliza wasomaji: mtu mwenye wikendi moja tu Unguja alale wapi na ale wapi pale Mji Mkongwe? Majibu ya mwanzo yaliyotolewa nimeyasoma yote. Watu wametaja madari yenye upepo, wametaja vitanda vya semadari, vile vya kizamani vyenye nakshi, wametaja Forodhani, ile bustani ya vyakula ya pwani, kama kawaida, kuna mmoja kaweka mpaka bei kwa dola. Hakuna hata mmoja aliyetaja ngazi! Jamani. Aliyewahi kupanda nyumba ya zamani pale mjini na begi mkononi anajua nasema nini.

Mie mzaliwa wa Kikwajuni, mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, sikuizi naishi Dar, Tabata. Na kwetu hili swali lina uzito mwingine, maana kwa mama yangu hakuna kitu kinaitwa mgeni alale wapi. Mgeni analala nyumbani, watoto wanashushwa kwenye mkeka, basi. Udogoni Mji Mkongwe tulikuwa tunakwenda kununua vitambaa, kumsalimia shangazi yetu wa Kiponda, kupigwa sindano, si kulala kwa pesa. Ndo maana siku zote nasema nyumba zile ni za kutazamwa, ukitaka usingizi wa maana vuka Darajani uje Ng'ambo, kuna nyumba za wageni za kawaida tu, chumba kipana, feni inazunguka, teksi inakushusha mlangoni na bei ya kibinadamu, alafu mjini unakwenda kwa miguu asubuhi ukishaoga.

Huo ndo msimamo nilioanza nao kuandika, ila naona hauniendei vizuri kwa sababu ya mama wa jirani yangu.

Jirani yangu hapa Tabata ni mtu wa Moshi. Mama yake alishuka kutoka Kibosho kuja kutibiwa magoti, akapata nafuu kidogo, akasema kabla hajarudi mgombani anataka aione Zanzibar. Jirani akanambia tufuatane, si kwenu wewe. Nikampigia mama Kikwajuni, mama kafurahi, katandika chumba cha chini, kaagiza na pweza kabisa. Kumbe mwenzangu keshalipia chumba kwenye simu! Kaona picha, semadari yenye vioo vya rangi ubavuni, chandarua cheupe, dirisha linaangalia mapaa ya mabati. Ghorofa ya tatu. Na mama mwenyewe ndo huyo wa magoti.

Tukashuka boti Malindi, papasi, wale vijana wanaojitolea kuongoza wageni wapate chochote, wakaniganda mie wananisemesha Kizungu, nikawaambia mie mtu wa Kikwajuni niacheni nipite, wakacheka wakaniacha. Teksi ikatufikisha mwisho wa barabara, vichochoroni gari haliingii, hamali akachukua mabegi akatangulia na sisi tukafuata kwa mwendo wa mama, kila kona anashika ukuta anapumua. Mara akaniuliza, "Mwanangu, huyu kijana anajua anakokwenda? Hapa si tumeshapita?" Tulikuwa hatujapita, ila simlaumu, ukuta na ukuta.

Sasa hizo ngazi. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari linabebwa na boriti za mikoko, na mkoko si mti wa kukupa boriti ndefu, kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake, mita tatu hivi. Ndo maana vyumba vya kule vyote virefu na vyembamba, na ngazi nazo zimebanwa pembeni zimesimama wima, kila kidato na kimo chake. Zamani chini ilikuwa duka na ghala, wenye nyumba wakikaa juu wanapata upepo, na mpaka leo chumba kizuri kiko juu na bei kubwa iko juu vilevile. Beit el Ajaib, jumba la sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliwahi kuwa na lifti, lakini ile ni Beit el Ajaib, na yenyewe sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Nyumba ya kulala wageni ya kichochoroni ina kamba tu ukutani ya kujishikia.

Mama akaitazama ile kamba, akaitazama ngazi, akafunga kanga kiunoni. Alafu akakaa kidato cha kwanza, akageuza mgongo, akawa anajiinua kwa mikono kidato kimoja kimoja, mguu umenyooka mbele, mwanawe kashika kiatu kimoja na mie nimeshika cha pili. Kijana wa mapokezi yuko nyuma na funguo, akatwambia kwa upole kabisa kwamba ghorofa ya tatu imeandikwa kwenye maelezo ya chumba. Hakuna aliyemjibu. Tulipofika, mama hana pumzi, akafunguliwa mlango, na semadari mnazijua zilivyo, kitanda kiko juu mpaka kina kistuli cha kupandia. Mama akakiangalia kile kistuli. "Na hapa napo kuna ngazi?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikasema tusijitese, twendeni Kikwajuni, chumba cha chini kipo, choo kiko karibu. Jirani anafikiria pesa yake isiyorudishwa. Mama akasema tulale kwanza.

Kulikucha akashuka vilevile kwa kukaa, na alipofika chini akasema hapandi tena mpaka usiku. Chai ya hoteli inanyweka darini, ghorofa nyingine tena juu, kwa hiyo yake ilimpita. Akakaa barazani nje ya mlango. Na mie nataka mnielewe hapa, maana sisi tuliopanda darini tulipewa mkate wa boflo, jamu, yai la kukaanga na kipande cha papai, kitu ambacho mtu anakipata hata Singida, na tulipoteremka tukamkuta mama na mkate wa ufuta bado una moto, mbaazi za nazi kwenye bakuli la watu, na chai ya tangawizi kwenye kikombe cha watu pia. Bibi wa nyumba ya pili alimuona kakaa peke yake kwenye kiambaza hana mbele wala nyuma, akamuuliza mama umeshakunywa chai? Basi yakaanzia hapo. Saa tatu wako kwenye habari za magoti, saa nne bibi kaingia ndani katoka na kichupa cha mafuta ya karafuu, anamwelekeza apake usiku afunge na kitambaa. Tulizunguka weee, Ngome Kongwe, Shangani, maduka ya viungo, tukirudi mama yuko palepale na anajua majina ya watoto wote wa mtaa.

Mchana nikamletea urojo. Hapa nitakawia kidogo, mnisamehe. Urojo ukiwa umepikwa na mtu anayejua, rojo lake ni la manjano, halijawa zito, lina ukali wa embe bichi au ndimu, na muuzaji anatia kwa mpangio wake: viazi vya kuchemsha kwanza, bajia, kachori anaiponda kidogo kwa mgongo wa kijiko, mishkaki anaichomoa kwenye kijiti palepale juu ya bakuli, yai likiwepo, anamwaga rojo, juu chatne ya nazi na pilipili, mwisho kabisa chipsi za muhogo ili ziwahi mdomoni hazijalowa. Anayetia muhogo mwanzo mhame. Mama akalitazama bakuli akasema, "Mwanangu, huu ni uji umeangukiwa na vitu." Akala. Akasema mwambie aongeze, ila pilipili apunguze.

Jioni mama yangu kanipigia mara kadhaa, pweza yuko tayari, mgeni yuko wapi. Nikaita teksi. Mama wa Moshi akasema sawa, tukamsalimie, tule, alafu mnirudishe hapa kwangu. Kwangu! Barazani! Tukaenda Kikwajuni, wali wa nazi, mchuzi wa pweza, mama kajitahidi kweli, wakapatana vizuri tu hao wazee. Ilipokaribia isha mgeni akaaga. Mama yangu akanivuta jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani chumba changu kina nini?" Nikakosa la kumwambia. Na Jumapili mama wa Moshi akatembea mwenyewe na mkongojo kwenda misa ya Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki kule Shangani, pole pole, akiamkiana na watu njia nzima.

Haya, chakula, maana nimeganda kwenye ngazi.

Ushauri wangu wa kwanza, omba chumba bila chai. Wengi watakwambia chai imo kwenye bei, wewe uliza tu, kuna wanaopunguza. Asubuhi ndo mji unapokula vizuri: mkate wa ufuta, chapati na maharage ya nazi, vitumbua, supu ukiipata. Kahawa chungu ya Jaws Corner, ile kona ya mabaraza, ni ya wanaume na siasa zao, mie hupita tu. Mchana nenda Lukmaan pale Mkunazini, vyakula vimepangwa unaviona kabla hujaagiza, unanyooshea kidole unachotaka. Jirani yake ndo lile kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, lile lililofungwa mwaka 1873. Ukitoka mule kanisani usikimbilie biriani, kaa kwanza.

Sasa Forodhani. Nilikuwa nimejipanga kuandika msiende. Bei inabadilika ukifungua mdomo na lafudhi ya bara, kamba na pweza wamekaa kwenye vijiti wanasubiri mteja, wanapashwa wanapashwa tena, na ukila kwanza ukauliza bei baadaye shauri yako. Yote hayo ni kweli na siyafuti. Lakini hizo si habari zote, maana jioni ile bustani iliyotengenezwa upya 2009 imejaa watu wa hapohapo, familia zimetoka Ng'ambo na watoto wao, vijana wanapiga mbizi kutoka ukutani kushindana nani atarusha maji mengi, na juisi ya miwa inakamuliwa na ndimu na tangawizi mbele ya macho yako. Mie mwenyewe sikukuu tulikuwa tunasubiri mwezi mzima tupelekwe pale. Siwezi kumwambia mtu asiende mahali ambapo mimi ningelia kutopelekwa. Nendeni, kunyweni miwa, kuleni ile wanayoiita pizza ambayo si pizza hata kidogo, ni unga mwembamba umefungia nyama ya kusaga na yai na vitunguu, inakaangwa hapohapo kwa hiyo unajua umri wake. Vya baharini kaleni kwa mtu anayevipika ndani, na kama hamna mtu basi ulizeni bei kabla ya mkono kugusa kijiti.

Kulala. Naona aibu kwa mama yangu, na natumaini gazeti hili halifiki Kikwajuni, ila mkitaka jibu langu la kweli laleni ndani ya Mji Mkongwe, ndani kabisa, si pembeni. Ukilala Ng'ambo utaingia mjini saa tatu wakati wenyewe wameshakunywa chai. Lakini! Chukueni ghorofa ya kwanza hata kama upepo hamna, na hakikisheni mlangoni kuna baraza na mtaa una watu wanaoishi, maana kuna vichochoro sikuizi ni hoteli na duka la vinyago, hoteli na duka la vinyago, hapo utakaa barazani mpaka magharibi usiulizwe kama umekunywa chai. Hilo kwenye picha halionekani. Pigeni simu muulize jirani yenu nani.

Mkija masika, Machi mpaka Mei, msiwe na haraka ya lolote, vichochoro vinajaa maji na sehemu nyingine zinafungwa. Ramadhani mchana msitegemee kula nje, ingawa usiku wake hauna mfano. Adhana ya alfajiri mtaisikia popote mtakapolala, hiyo msimlaumu mwenye hoteli. Na kama mtu ana magoti kama ya yule mama na hapendi kukaa na watu, basi nimerudi kulekule nilikoanza, Ng'ambo, chumba cha chini. Kwa mama yangu kipo, bure, ila mje na njaa. Ijumaa msipange shughuli ya mchana, maduka mengi yanafungwa mpaka watu watoke msikitini.