Bima imeidhinisha upandikizaji wa uboho. Je, mimi ninayetoa nimo?

SWALI: Mdogo wangu ana saratani ya damu, na daktari ameshauri apandikizwe uboho. Tumepimwa ndugu watatu, mimi ndiye niliyelingana naye. Barua ya bima yake inasema, "Upandikizaji wa uboho: umeidhinishwa." Je, inatosha? Na mimi natumia bima yangu au yake?

JIBU: Pole sana kwa kuuguza, dada, na ahsante kwa moyo wa kujitolea. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo familia nyingi hulikumbuka ankara ikishafika.

Kwa kawaida gharama za mchangiaji hudaiwa kwenye bima ya mgonjwa. Wewe huumwi, kwa hiyo bima yako ikipelekewa madai itauliza unatibiwa ugonjwa gani. Lakini si kila bima ya mgonjwa inamgharamia mchangiaji, na zinazolipa huweza kuweka ukomo. Waombe wakuandikie wazi kama wanalipia vipimo vya kulinganisha tishu vya ndugu wote watatu, au vya kwako tu uliyelingana. Waulize pia kuhusu uchunguzi wa afya yako na uvunaji wenyewe wa seli shina, yaani seli za uboho zinazotengeneza damu. Ikiwa seli zitachukuliwa kwenye damu, utachomwa sindano kwa siku 4 au 5 kabla ya kuvunwa, ili seli shina zitoke kwenye uboho. Nazo zina bei yake. Na ukipata madhara baadaye, nani atakutibu? Hilo usikubali kujibiwa kwa simu tu.

Sasa hiyo barua. Kinachoitwa upandikizaji, ukikiona wodini, ni mfuko wenye rangi ya damu uliotundikwa kwenye stendi ya dripu. Seli zinaingia kwenye mshipa kama anayeongezewa damu, na mara nyingi kazi huisha ndani ya saa chache. Mgonjwa hapasuliwi. Siku hiyo madaktari huiita siku sifuri. Kabla yake kuna siku kadhaa za kemotherapia kali, wakati mwingine pamoja na mionzi. Baada yake ni wiki 2 hadi 4 za kusubiri seli mpya zishike, akiwa hana kinga, kisha kufuatiliwa kwa karibu hadi kama siku ya 100, na miezi ya dawa za kupunguza kinga ili seli zako zisimshambulie mwilini. Fedha nyingi huenda huko.

Ndiyo maana neno "umeidhinishwa" peke yake halinitulizi. Uliza idhini inaanza tarehe gani na inaishia lini. Uliza dawa atakazopewa akisharuhusiwa zitakatwa kwenye fungu gani, kwani zikihesabiwa kwenye fungu la wagonjwa wa nje, ambalo mara nyingi ni dogo, linaweza kukauka mapema huku dawa bado zinahitajika. Kama mwaka wa bima unaisha katikati ya matibabu, michango isikatike hata siku moja.

Tarehe ya siku sifuri nayo husogezwa: homa, maambukizi, ugonjwa kurudi. Idhini yenye kikomo haisubiri, hivyo hospitali iombe nyongeza kabla haijaisha.

Usafiri na malazi yenu karibu na hospitali yaulizeni pia. Bima nyingi hazigusi.

Jambo moja la kukagua leo hii: aina ya upandikizaji iliyoandikwa. Kuna wa seli za mgonjwa mwenyewe, na kuna wa seli za mtu mwingine, na idhini hutolewa kwa aina mahususi na kwa ugonjwa mahususi. Ikisomeka "seli za mwenyewe" ilhali anayetoa ni wewe, madai yanaweza kukataliwa. Mwombe daktari aandike barua nyingine yenye jina kamili la ugonjwa, matibabu aliyokwisha kupewa, sababu ya kuhitaji seli za ndugu, na kwamba mchangiaji ni wewe. Barua hiyo hiyo ndiyo mtakayoitumia kukata rufaa wakisema tiba hii bado ni ya majaribio.