Hela ikikatwa benki, anza na daftari lako

Mimi ni mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha akina mama huku Mbagala, Dar es Salaam, kwa hiyo hela ninayohangaika nayo benki mara nyingi si yangu. Ukishika hela za watu huwezi kusimama kwenye kikao ukasema "benki wamekata, sijui kwa nini". Watakuangalia tu, na kabla jua halijazama habari imeshafika Charambe. Wanachama wananipigia simu kila mara wakikatwa ovyo, nami nimechoka kurudia maneno yale yale. Bora niyaandike.

Kinachowakuta wengi ni ATM. Unaweka kadi, unaandika 400,000, unaisikia kabisa mashine ikihesabu, noti hazitoki. Simu inaita: umetoa 400,000. Mimi yalinikuta Rangi Tatu, jioni, foleni imejaa, na kaka mmoja nyuma yangu kashaanza, "Dada, si utoke wengine tutoe?" Usitoke. Subiri mashine irudi kwenye ukurasa wake wa mwanzo, maana zipo zinazochelewa kutema hela, na noti zikitoka wewe umeshageuka, atakayezipokea ni huyo huyo mwenye haraka. Risiti ikitoka ichukue, hasa ikiwa imeandikwa kuwa muamala umeshindikana. Piga picha namba ya mashine na maandishi yaliyoko kwenye kioo. Andika saa na dakika. Halafu usijaribu tena kutoa kwenye mashine hiyo hiyo, utazidisha mkanganyiko.

Saa nimeitaja kwa makusudi. ATM ina kumbukumbu yake ya ndani: kadi imeingia, noti kadhaa zimehesabiwa, zimetoka au zimerudi ndani. Wahusika wakija kufunga hesabu yake, wanalinganisha hela zilizomo na kumbukumbu hiyo. Kama zako hazikutoka, watakuta ziada. Ziada hiyo inakaa haina mwenyewe mpaka ujitokeze wewe na saa yako na namba ya mashine. Ukifika na "ilikuwa kama wiki iliyopita hivi, jioni jioni", unawapa kazi ya kutafuta sindano kwenye majani.

Na tafadhali, dai lifungue kwenye benki iliyokupa kadi. Watu wanakula nauli kwenda kugombana na benki yenye mashine, wanarudishwa mlangoni. Kadi ya benki moja ikitumika kwenye mashine ya benki nyingine, ni hizo benki mbili zinazotakiwa kuulizana, na ndiyo maana dai la namna hiyo huchukua muda zaidi.

Pale dawatini utaambiwa, "Mama, subiri tu, itarudi yenyewe." Mara nyingi ni kweli, hurudi. Ila mimi siondoki na neno la mdomo. Naomba namba ya lalamiko. Isipokuwepo, naandika barua, nakala mbili, moja wanabaki nayo, nyingine wananigongea muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Kijana aliyenihudumia alicheka kidogo. "Mama, laki nne tu unaandika barua?" Nikamjibu, "Mwanangu, zingekuwa zangu ningekaa kimya." Akagonga.

Hela ilirudi. Sasa angalia hapa: kwenye taarifa ya akaunti 400,000 ilionekana imeingia, lakini ada ya kutolea hela, ile waliyokata siku ya tukio, haikurudi. Nani hutazama kitu kama hicho? Mwenye daftari tu. Nikarudi na barua yangu, ada nayo ikarudishwa. Ni hela ndogo, ndiyo, lakini kwenye hesabu za kikoba hata shilingi mia ikipotea mtu atauliza.

Daftari lenyewe ni kaunta buku ya kawaida. Tarehe, kilichoingia, kilichotoka, makato, na safu ya mwisho ni salio linalotakiwa kuwepo. Hiyo safu ya mwisho ndiyo kazi yote. Programu ya simu ya benki naitumia na naipenda, ila inakuonyesha hesabu ya benki, na huwezi kumhakiki mtu kwa hesabu aliyokupa mwenyewe. Jumapili usiku nalinganisha vitu viwili hivi. Vikipishana, Jumatatu nauliza. Ukikaa miezi sita hujaangalia, hata wewe hutakumbuka ulinunua nini.

Si kila makato ni wizi, lakini. Riba ya akaunti ikiingia halafu ikakatwa asilimia 10, hiyo ni kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali ambayo benki huikata moja kwa moja kwenye riba. Ada za benki nazo zina VAT na ushuru wa bidhaa juu yake, ndiyo maana hazilingani na ile bei uliyotajiwa mdomoni. Mnakumbuka 2022, tozo za serikali zilipoingia hadi kwenye miamala ya benki? Watu walitukana wahudumu wa dirishani ambao hawakuwa na kosa lolote. Omba orodha ya ada, uwe nayo nyumbani. Ukiona ada ya mwezi mmoja imekatwa mara mbili, hapo una hoja.

Upande wa pili watu hawaupendi: hela ikiingia kwako kwa makosa si riziki. Kwa Sheria ya Mikataba, aliyelipwa kimakosa anatakiwa kurudisha. Toa taarifa benki, usiiguse.

Kwenye simu ni hatari zaidi, kwa sababu matapeli wanaishi humo. Meseji inaingia kwamba umepokea hela, dakika hiyo hiyo mtu anapiga, sauti ya unyonge, "Dada yangu nimekosea namba, nisaidie unirudishie, ni hela ya hospitali." Angalia salio lako mwenyewe kwa menyu, usiamini meseji. Kama kweli hela imeingia, mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, muamala urudishwe na wao. Ukimtumia kwa mkono wako, na yeye akadai arudishiwe na kampuni ya simu, utakuwa umelipa mara mbili. Ukigundua ni utapeli, tuma namba yake kwenda 15040.

Benki yako ikikuzungusha, kuna Benki Kuu. Tangu 2019 kuna kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na Benki Kuu hupokea malalamiko. Sharti lake ni kwamba uwe umeanzia kwenye benki yako kwanza, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapokuwa na thamani. Kwa sisi wa Dar ofisi zao ziko Mtaa wa Mirambo, Posta. Beba kitambulisho, taarifa ya akaunti, nakala ya barua na majibu uliyopewa, na vyote vitoe kopi huku huku Mbagala kabla hujapanda gari, maana stationari za mjini bei yake utaikuta huko huko.