Usilipe ada ya B.Ed kama unataka kufundisha darasa la kwanza hadi la tano

Mdogo wangu, usilipe. Ijumaa ikifika kaa na hela yako. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma bandiko lako mara tatu. Umekulia Mombasa, sasa uko Rajkot, jimbo la Gujarat, kwa upande wa baba, una digrii ya Kenya na unatafuta ualimu wa shule ya msingi serikalini. Wakala amekwambia usome B.Ed, ile digrii ya ualimu, ulipe ada Ijumaa, halafu utamalizia na kozi ya kuvukia ya miezi sita. Ukauliza na mengine: digrii ya Kenya inakubalika? Mshahara ukoje? Uhamisho je? Na kaka yako fundi umeme afanyeje ili afundishe ITI, vyuo vya ufundi? Mimi nilikwama pale pale penye miezi sita. Maneno hayo niliambiwa hapa Bhuj mwaka 2020, na mtu aliyekaa sebuleni kwetu akinywa chai ya mama yangu.

India hakuna cheti cha ualimu cha jumla. Kila ngazi ya madarasa ina cheti chake. La kwanza hadi la tano ni D.El.Ed, diploma ya miaka miwili ambayo wazee wa Gujarat mpaka leo wanaiita PTC. Inakubalika pia B.El.Ed, digrii ya miaka minne. B.Ed inaanza kufaa darasa la sita kwenda juu. Baada ya cheti unakuja mtihani wa TET, wa kuthibitisha kwamba unastahili kufundisha, nao umegawanywa vivyo hivyo. CTET ya serikali kuu, inayoendeshwa na CBSE, bodi ya elimu ya serikali kuu, ina karatasi ya kwanza kwa walimu wa la kwanza hadi la tano, na ya pili kwa la sita hadi la nane. Kila karatasi ina maswali 150, na ili ufaulu unahitaji asilimia 60, yaani 90. Gujarat nao wana TET-1 na TET-2 kwa mpangilio huo huo. Masharti haya ya vyeti na TET aliyaweka NCTE, baraza la taifa la elimu ya ualimu, kwa tangazo la tarehe 23 Agosti 2010, chini ya Sheria ya Haki ya Elimu ya 2009. Hayalegezwi na mwalimu mkuu, wala afisa wa wilaya, wala huyo wakala wako.

Nasi tulikotoka hili halikuwa geni! Tanga, mwalimu wa shule ya msingi alikuwa mtu wa Daraja A. Mwenye digrii ya ualimu alipelekwa sekondari, na hakuna aliyeona ajabu. Kenya mlikuwa na P1. Kumfundisha mtoto wa miaka sita kushika penseli ni kazi nyingine kabisa, ina ujuzi wake na mafunzo yake. Nilifika India nikiwa nalijua hilo, nikaliacha kwa sababu neno "digrii" lilisikika kubwa kuliko neno "diploma".

Sasa hiyo miezi sita imetoka wapi? Tarehe 28 Juni 2018 NCTE alitoa tangazo kwamba mwenye B.Ed naye anaweza kuajiriwa kufundisha la kwanza hadi la tano, mradi ndani ya miaka miwili ya kuajiriwa asome kozi ya kuvukia ya miezi sita. Kwa hiyo mwaka 2020 yule bwana hakusema uongo mtupu. Alikuwa na karatasi mkononi, akanionyesha kifungu chenyewe. Akasema, "Dada, B.Ed inafungua milango yote, ya chini na ya juu, kwa nini ujifunge na diploma?" Baba akatikisa kichwa kukubali. Mama akauza bangili zake mbili. Ada ya miaka miwili ilikuwa rupia 95,000, bila kuhesabu nauli, vitabu na twisheni ya CTET, ambayo aliyeiendesha alikuwa huyo huyo bwana.

Nikasoma. Nilisoma kweli, sikuwa mzembe. Nikafanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari, watoto wa darasa la tisa, hesabu na sayansi. Angalia hapo mdogo wangu: mafunzo yangu yote yalikuwa kwa watoto wenye ndevu zinazochipua, na lengo langu lilikuwa watoto wanaong'oka meno ya utoto. Hilo peke yake lingetosha kuniamsha.

Novemba 2021, nikiwa katikati ya masomo, Mahakama Kuu ya Rajasthan ikalifuta lile tangazo la 2018. Nilisoma habari ile kwenye simu nikiwa ndani ya basi. Niliteremka nikaenda moja kwa moja ofisini kwa yule bwana. Akacheka. Akaniambia, "Hiyo ni Rajasthan, sisi tuko Gujarat. Na kesi itakwenda Delhi, itakaa miaka kumi." Nikarudi nyumbani nimetulia.

Kosa langu kubwa ndilo hilo, kuliko hata ada. Tangazo lililofutwa lilikuwa la taifa. Halikuwa la jimbo. Mtu yeyote aliyeweza kusoma aya mbili za ile hukumu angeliona. Mimi najua kusoma! Lakini nilimpa mtu mwingine anisomee, mtu ambaye kipato chake kilitegemea mimi nisiamke. Ningeacha siku ile, ningepoteza mwaka mmoja. Sikuacha, nikapoteza miaka minne.

Nikamaliza B.Ed mwaka 2022. Nikafaulu karatasi ya kwanza ya CTET kwa alama 104. Nikaomba nafasi ya ualimu wa msingi, nikafanya mtihani wa maandishi mwanzoni mwa 2023, nikaitwa kwenye usaili. Nikashona nguo mpya. Ndugu Tanga wakaanza kunipigia na kuniita mwalimu.

Tarehe 11 Agosti 2023, Mahakama ya Juu ikatoa hukumu katika shauri la Devesh Sharma. Ikakubaliana na Rajasthan: B.Ed si sifa ya kufundisha la kwanza hadi la tano. Majaji walisema haki ya mtoto ya kupata elimu ni haki ya elimu yenye ubora, na mwalimu asiyefundishwa namna ya kuwafundisha watoto wadogo hawezi kuitoa. Nimeisoma hukumu ile mara nyingi sasa. Nikiwa mwalimu, nakubaliana nayo. Nikiwa binti wa mama aliyeuza bangili, iliniua.

Orodha ilipotoka sikuwemo. Nilipopiga simu kwa yule bwana, namba ilikuwa haipatikani. Kituo chake bado kipo, kimebadilisha bango tu. Sikitaji jina kwa sababu sitaki kesi, ila naandika hapa nikijua wapo kama yeye Rajkot, Ahmedabad, kila mji. Wanakula kwa mtu aliyefika jana na asiyejua mambo ya hapa. Sisi tunaotoka Afrika Mashariki ndio windo jepesi: tunazungumza Kigujarati cha nyumbani, lakini matangazo ya serikali yanatupita.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu kozi ya miezi sita unayoambiwa leo. Kozi hiyo ipo, na ndiyo maana anaweza kukuonyesha karatasi, kama nilivyoonyeshwa mimi. Lakini ni ya watu waliokwisha kuajiriwa! Aprili 2024 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba walimu wenye B.Ed walioajiriwa kabla ya tarehe 11 Agosti 2023 hawatafukuzwa, na kozi inayotolewa na NIOS, taasisi ya taifa ya shule huria, imetengenezwa kwa ajili yao, wakamilishe walichopungukiwa. Wewe hujaajiriwa. Hata ukiisoma mara tatu haikufanyi ustahili kuomba.

Na asikudanganye mtu kwamba ukishaingia ndani hakuna anayeuliza. Jimbo la Chhattisgarh waliajiri wenye B.Ed shule za msingi baada ya hukumu, na karibu walimu 2,900 wakaondolewa kazini. Watu walikuwa wameshaacha kazi nyingine, wamehama na watoto, wakaishia kuandamana Raipur, mji mkuu wa jimbo hilo. Kuhusu TET ndiyo kabisa: tarehe 1 Septemba 2025 Mahakama ya Juu imeamua kwamba hata walimu walioajiriwa zamani, wenye zaidi ya miaka mitano kabla ya kustaafu, waufaulu ndani ya miaka miwili au waondoke. Watu wenye mvi sasa wanakaa na vijana kwenye twisheni. Na wewe unaambiwa karatasi haziangaliwi?

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, nawaambia wote wanaonipigia: anza na darasa. Kabla ya chuo, kabla ya ada, kabla ya kumsikiliza mtu, jiulize utafundisha darasa la ngapi. Chukua tangazo la karibuni la nafasi hiyo hiyo unayoitaka, usome mstari wa sifa kwa macho yako mwenyewe. Cheti kilichoandikwa pale ndicho unachosomea. Kama ni PRT (mwalimu wa msingi) au Vidyasahayak (mwalimu wa shule za serikali ya Gujarat) wa la kwanza hadi la tano, ni D.El.Ed na karatasi ya kwanza. Kama umebadili mawazo unataka TGT, mwalimu wa madarasa ya juu ya hapo, haya, B.Ed na karatasi ya pili, na hapo sina neno na wewe.

Halafu angalia kama chuo chenyewe kina kibali cha NCTE kwa kozi hiyo na mwaka huo. Chuo kikinyang'anywa kibali, cheti cha kozi iliyosomwa baada ya hapo hakifai kwa ajira ya serikali. Na naona umeandika kwamba umeahidiwa "si lazima kuhudhuria". Mdogo wangu! Kanuni za NCTE zinataka mahudhurio ya asilimia 80 darasani na 90 kwenye mazoezi ya shuleni. Anayekuuzia cheti bila mahudhurio anakuuzia kesi.

Kaka yako naye aende kwa njia hiyo hiyo, isipokuwa kwake ni fani badala ya darasa. Kuwa fundi hodari hakumfanyi mkufunzi. Aulizie mafunzo ya CITS, yaani ya wakufunzi wa ufundi, ya mwaka mmoja katika fani ya umeme, kwenye NSTI, vyuo vya taifa vya mafunzo ya ufundi. Mwisho wake ni cheti cha ukufunzi cha taifa, NCIC. Fani ya cheti na fani ya nafasi vilingane.

Jambo jingine ambalo hukuuliza lakini linanikosesha raha: una pasi gani? Kama ni kadi ya OCI, ile ya raia wa nchi nyingine wenye asili ya Kihindi, haikupi haki ya ajira ya umma sawa na raia. Kuna kipengele kwenye matangazo mengi ya serikali kuu, wengi hawakioni, kinachowataja wazi watu wenye asili ya Kihindi waliohama kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa nia ya kuishi India daima. Kinatutaja sisi. Lakini kinadai cheti cha kustahili kutoka serikalini, kwa hiyo anza kukishughulikia mapema.

Mimi nilianza D.El.Ed nikiwa na miaka 31, nimekaa dawati moja na wasichana wa miaka 18 walioniita "didi", yaani dada. Ilibidi hata matokeo yangu ya kidato cha sita yapate cheti cha ulinganifu cha AIU, umoja wa vyuo vikuu vya India. Nikapelekwa mazoezi darasa la pili. Siku ya kwanza mtoto mmoja alinivuta dupata, mtandio wangu, akaniuliza kwa nini herufi "ka" ina mkono. Sikuwa na jibu, na B.Ed yangu nzima haikuwa na jibu. Mwalimu mwenyeji akachora "ka" sakafuni kwa chaki, akamwambia mtoto atembee juu yake. Akatembea, akaijua. Nilikwenda nyuma ya darasa nikalia kidogo.

Leo ni Jumanne. Mpigie wakala wako umuulize swali moja tu: tangazo lipi la ajira lililotoka baada ya Agosti 2023 linapokea B.Ed kwa darasa la kwanza hadi la tano? Akutumie lote, si kipande. Akikutumia, liweke hapa tulisome pamoja kabla ya Ijumaa.