Jiji linaeleza, halikupigii kampeni

Ndugu, umeuliza kama jiji la San Francisco linaruhusiwa kukutumia karatasi za kukuhimiza upige "Ndiyo" kwa pendekezo linalopigiwa kura. Haliruhusiwi. Mwaka 1976, katika kesi ya Stanson dhidi ya Mott, Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba fedha za umma zitumike kuelimisha wapiga kura, si kuwafanyia kampeni. Kijitabu cha jiji cha kuwaelimisha wapiga kura kikifika kwa posta, anzia kwenye muhtasari wa kila pendekezo: hali ilivyo sasa, pendekezo lenyewe, kisha maana ya kura ya Ndiyo na ya Hapana. Usiruke maelezo ya Mdhibiti wa fedha wa jiji kuhusu gharama. Zile hoja zinazofuata, ambazo watu hulipia ili zichapishwe, ni maoni ya walioziandika tu, na kijitabu chenyewe kinasema hazijahakikiwa.