Maswali na Majibu: Kurekodi na Kutunza Kanda za Maonyesho ya Muziki

Nichukue kaseti ya C-90 (dakika 90) au C-120 (dakika 120)?

C-90. Utakuwa na dakika 45 kila upande. C-120 inavutia kwa urefu wake, lakini utepe wake una mikroni 9 hivi tu, wakati ule wa C-90 una kama 12. Ukiwa mwembamba hivyo, huvutika na kunasa kwenye rola kwa urahisi. Afadhali kugeuza kanda watu wakipiga makofi, kuanzia dakika ya 40, kuliko kuokota utepe uliomezwa na deki (mashine ya kaseti). Kabla ya kuanza, zungusha kwa penseli hadi kile kipande cha mwanzo kisichorekodi kipite.

Ngoma na besi zikishika kasi, sauti inakwaruza ingawa mita haifiki kwenye nyekundu. Kwa nini?

Sauti inaharibika kabla ya kufika kwenye kitasa cha kiwango cha kurekodi. Kikuza sauti cha kwanza ndani ya deki kimezidiwa na nguvu ya maikrofoni, na kupunguza kitasa hakuponyi kitu kilichokwisha kukatika. Weka kipunguza nguvu cha desibeli (dB) 20 kati ya maikrofoni na deki. Halafu zima urekebishaji wa sauti wa kujiendesha: kila ngoma ikipigwa huishusha bendi nzima, na kukiwa kimya huinua mvumo wa kanda.

Nisimame wapi?

Katikati, mbele kidogo ya meza ya mitambo ya fundi sauti, maikrofoni zikiwa juu ya vichwa vya watu. Epuka ukuta, kwani besi hujaa hapo. Na uombe ruhusa kwanza. Bendi ya Marekani, Grateful Dead, walianza kuwatengea mashabiki wanaorekodi eneo lao mwaka 1984, lakini si kila msanii anakubali.

Kanda niliyobadilishana na mwenzangu imefifia, matoazi hayasikiki. Imekufa?

Huenda ni nzima kabisa. Zima Dolby (mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda) kwanza: kanda iliyorekodiwa bila Dolby ikichezwa nayo, sauti za juu humezwa. Kisha safisha hedi (kichwa cha deki kinachosoma utepe) kwa pamba yenye spiriti safi ya isopropili, uiache ikauke. Ikibaki vilevile, hedi yako haijakaa kwa pembe ileile ya deki iliyorekodi. Weka mono, zungusha skrubu ndogo ya pembeni mwa hedi polepole, chini ya robo mzunguko, hadi matoazi yang'are. Tia alama mahali ilipokuwa, uirudishe baadaye.

Niandike nini kwenye jalada?

Tarehe, ukumbi, chanzo (maikrofoni au meza ya mitambo), kama Dolby ilitumika, na hasa ni nakala ya ngapi. Kila nakala huongeza mvumo, kwa hiyo tafuta iliyo karibu zaidi na kanda mama. Ukihamishia kwenye kompyuta, tumia biti 24 na kHz 48, wala usisafishe mvumo kwenye faili la kwanza. Fanya hivyo kwenye nakala. Na vunja vile vijino viwili vya nyuma ya kaseti leo hii, asije mtu akarekodi juu yake.